Kutazama ndege majangwani na makorongoni Arizona: mwongozo wa safari ya Aprili na Mei

Kusini-mashariki mwa Arizona, Marekani, kati ya jiji la Tucson na mpaka wa Mexico, majangwa mawili yanakutana: la Sonora na la Chihuahua. Juu ya majangwa hayo imesimama milima iliyotengana, kila mmoja peke yake, umezungukwa na ukame kama kisiwa kinavyozungukwa na bahari. Wenyeji wenyewe huiita visiwa vya angani. Mbavuni mwa milima hiyo kuna makorongo, na ndani ya makorongo kuna vijito, vivuli na miti mikubwa yenye gome jeupe ambayo kwa Kiingereza huitwa sycamore. Jina lisikuchanganye, si mkuyu wetu. Humo wanaishi ndege ambao makao yao makubwa ni Mexico, na kwa wengi wao hapa ndipo mwisho wao upande wa kaskazini.

Nimefanya safari hii mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu, mara mbili zilizofuata nikaongozwa. Tofauti ilikuwa kubwa mno, ndiyo maana nakushauri tangu mwanzo utafute mwongozaji, nami nitakueleza namna ya kumchagua na namna ya kujiandaa ili umtumie vizuri. Majina ya ndege nimeyaacha kwa Kiingereza pale ambapo sisi hatuna jina, kwa kuwa ndivyo yalivyoandikwa vitabuni na ndivyo utakavyoyasikia yakitajwa njiani.

Hatua ya 1: Chagua tarehe

Machipuko ya huko si masika ya kwetu. Mvua kubwa ya Arizona huanza Julai. Aprili na Mei ni miezi mikavu, upepo unavuma mchana na mito mingi imebaki mchanga mtupu. Ukavu huo ndio unaomsaidia mtazamaji. Ndege aliyesafiri usiku kucha juu ya jangwa anahitaji maji na wadudu kunapopambazuka, na vyote viwili viko mahali pachache: kijito cha korongoni, bwawa, mti uliotoa maua. Ukikaa hapo, watakuja wenyewe.

Kuanzia wiki ya mwisho ya Aprili hadi katikati ya Mei makundi mawili hukutana. Wapo wapita njia, kama Wilson's Warbler, Townsend's Warbler na Western Tanager, wanaoendelea na safari yao ya kaskazini. Wapo pia waliokuja kuzaa hapo hapo, kama Elf Owl na Elegant Trogon. Nikiambiwa nichague, nachukua siku kumi za mwanzo wa Mei. Mwanzoni mwa Aprili baadhi ya wageni kutoka Mexico hawajafika, na Juni joto la Tucson mara nyingi hupita nyuzi 38.

Weka nafasi miezi kadhaa kabla, hasa ya kulala Portal, maana ni kijiji chenye vitanda vichache na watazamaji wa ndege duniani kote wanakijua. Kama unatoka Nairobi au Dar es Salaam, anza na viza. Usilipe safari ambayo pesa yake hairudishwi kabla hujaishika pasipoti yenye viza.

Hatua ya 2: Mchague mwongozaji kwa masikio yake

Wengi hudhani mwongozaji analipwa aonyeshe ndege kwa kidole. Kazi yake kubwa ni kusikia. Asubuhi korongoni wanaimba ndege kumi na tano kwa mpigo, na wengi wao hutawaona mpaka mtu akuambie kwamba ile sauti kavu upande wa kushoto ni ya ndege fulani, na ndege huyo hupenda kukaa nusu ya urefu wa mti, karibu na shina. Ukishaambiwa hivyo unajua pa kutazama. Mara yangu ya kwanza nilipita chini ya ndege wengi sana nikisikia kelele tu.

Muulize maswali kwa maandishi kabla ya kulipa. Kila mwongozaji ana watu wangapi? Wakizidi wanane kwenye njia nyembamba, wa nyuma hasikii wala haoni. Mnatembea umbali gani kwa siku, na njia zina mawe? Mnapumzika mchana? Mwongozaji anayewaburuta watu saa saba mchana kwa sababu ratiba imeandikwa hivyo hawajui ndege wa jangwani, kwani nao muda huo wamejificha. Uliza pia bei inabeba nini: chumba cha peke yako, chakula cha mchana, viingilio vya hifadhi. Bakshishi ya mwongozaji Marekani ni desturi inayotegemewa, kwa hiyo uliza mapema kiasi cha kawaida ukipangie bajeti, usije ukaaibika siku ya kuagana.

Kisha kuna swali ambalo kwangu ndilo linaloamua: je, unapiga sauti za ndege kwenye spika ili watokeze? Ndege dume akisikia sauti ya dume mwenzake ndani ya eneo lake huacha kula na kumtunza jike akaja kupigana na mtu asiyekuwepo. Korongo linalotembelewa na vikundi vitano kwa siku, kila kimoja na spika yake, linamchosha ndege huyo katika wiki anazolea. Ndani ya hifadhi za taifa za Marekani jambo hili limekatazwa kabisa. Mwongozaji bora niliyewahi kufuatana naye hakubeba spika. Alikuwa na kiti cha kukunja, akakaa.

Hatua ya 3: Vifaa

Darubini ya 8x42 inatosha safari nzima. Namba ya kwanza ni ukuzaji: ndege aliye mita 40 unamwona kana kwamba yuko mita 5. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na upana ndio unaoingiza mwanga. Chini korongoni jua huchelewa kufika, kwa hiyo mwanga huo utauhitaji. Darubini ya 10x42 inavuta zaidi lakini inatikisika mkononi na inaonyesha eneo dogo, na ndege wengi wa huko hawatulii. Ukivaa miwani, teremsha vikombe vya mpira vya kwenye macho, la sivyo utaona duara dogo kama unachungulia tundu la ufunguo. Darubini kubwa ya miguu mitatu mwachie mwongozaji.

Wiki mbili kabla ya safari fanya zoezi nyumbani. Mtazame shomoro au kunguru kwa macho matupu, usimwachie, halafu inua darubini mpaka ije mbele ya macho bila kuinamisha kichwa. Anayeinama kuitafuta darubini kifuani, akiinuka ndege hayupo. Rudia mara thelathini kwa siku hadi mikono izoee.

Mavazi yawe ya rangi ya udongo au majani makavu, mikono mirefu, kofia pana, viatu vya kufunga vyenye soli ngumu. Beba sweta na koti jepesi hata ukiona Tucson kunaunguza. Aliyewahi kupanda gari kutoka Mombo hadi Lushoto anajua kilomita chache za kona zinavyobadilisha hewa, na huku utapanda juu zaidi ya hapo. Maji weka lita 4 kwa siku kwa kila mtu, unywe kabla ya kuona kiu. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu wa pwani kama mimi, aliyezoea kupima joto kwa fulana iliyolowa, anadanganyika kwa urahisi.

Weka pia kitana cha meno mapana na kibano mfukoni. Kuna kaktasi iitwayo cholla ambayo vipande vyake hukatika kwa kuguswa kidogo tu na kung'ang'ania nguo na ngozi. Siku yangu ya pili kabisa kipande kimoja kilinishika kifundoni, nikakivuta kwa vidole, kikatoka mguuni kikahamia vidoleni. Kitana ndiyo dawa yake: kipenyeze kati ya ngozi na kipande, kirushe mbali, kisha ng'oa miiba iliyobaki kwa kibano.

Kwenye simu pakua Merlin, programu ya bure ya Cornell Lab, kituo cha utafiti wa ndege cha huko Marekani, pamoja na kifurushi cha ndege wa eneo hilo, ukiwa bado na mtandao. Makorongo mengi hayana mtandao kabisa. Merlin husikiliza na kutaja majina, lakini Northern Mockingbird huiga sauti za wenzake na programu hudanganyika, kwa hiyo usiandike jina la ndege usiyemwona kwa sababu tu simu imelitaja.

Hatua ya 4: Hati na usalama

Barabara zinazotoka kusini kuelekea Tucson zina vituo vya ukaguzi vya Border Patrol, askari wa mpaka wa Marekani, hata ukiwa hujavuka mpaka. Mtazamaji wa ndege mwenye darubini shingoni, aliyesimama kichakani kilomita chache kutoka Mexico, huenda akaulizwa anafanya nini. Kama si raia wa Marekani, tembea na hati zako halisi kila siku, iwe pasipoti yenye viza na kumbukumbu ya kuingia nchini au kadi ya ukaazi. Zisibaki hotelini. Mwambie mwongozaji mapema kwamba unazo, ajue la kusema kituoni. Mimi nimesimamishwa mara mbili, na mara zote mbili tuliendelea baada ya dakika chache.

Nyoka wa njuga wameshatoka mashimoni kufikia Mei. Tazama unapoweka mguu, usiingize mkono chini ya jiwe, na ukisikia mlio wa njuga simama kwanza, jua alipo, ndipo urudi nyuma polepole. Aliyeumwa asikatwe, asinyonywe wala asifungwe kamba. Apelekwe hospitali haraka, na namba ya dharura ni 911.

Hatua ya 5: Rekebisha saa yako

Mapema Mei jua la Tucson huchomoza kama saa 11 na nusu alfajiri. Kikundi kizuri kinakuwa njiani saa 11 kasoro, kinatazama mpaka saa 4 asubuhi, kinapumzika mchana, kinarudi kazini saa 10 jioni hadi giza. Aliyezoea kuamka kuswali alfajiri hatapata shida. Wengine waanze kulala mapema siku tatu kabla.

Arizona haisogezi saa mbele wakati wa kiangazi, lakini jirani yake New Mexico husogeza. Portal iko karibu kabisa na mpaka wa majimbo hayo mawili, na simu inaweza kunasa mnara wa upande wa pili ikaruka saa nzima mbele bila kukuuliza. Niliwahi kuamka saa 9 usiku nikidhani ni saa 10, nikakaa barazani na baridi mpaka wenzangu walipotoka. Zima marekebisho ya saa ya simu, uiweke mwenyewe kwa saa za Arizona.

Hatua ya 6: Anza na jangwa lenyewe

Usikimbilie makorongo. Asubuhi ya kwanza iwe Saguaro National Park, ambayo ina sehemu mbili, moja mashariki na nyingine magharibi mwa Tucson. Saguaro ni ile kaktasi ndefu yenye mikono, inayoweza kupita mita 12 na kuishi zaidi ya miaka 150. Mei inatoa maua meupe juu kabisa. Ua hufunguka usiku, na kesho yake mchana limeshajifunga. Fika mapema ukute njiwa wa White-winged Dove wamesimama kichwani mwa saguaro, vichwa ndani ya maua, nyuso zimejaa chavua ya manjano.

Simama mbele ya saguaro moja kubwa uihesabu matundu. Yamechimbwa na vigong'ota wawili, Gila Woodpecker na Gilded Flicker. Kaktasi ikichimbwa hujiponya kwa kutengeneza ukuta mgumu kuzunguka tundu, na kigong'ota husubiri miezi mpaka pakauke ndipo ahamie. Akishaondoka wanaingia wengine, bundi wakiwemo. Saguaro inapokufa na kuoza, ukuta ule hubaki chini kama kiatu kikukuu cha mti. Ukikiona kitazame kwa macho tu, usikichukue.

Mahali hapo utasikia sauti kama gari bovu linalokataa kuwaka. Ni Cactus Wren, ndege rasmi wa jimbo tangu 1931, anayejenga kiota katikati ya miiba ya cholla bila kuchomwa. Chini utawaona tombo wa Gambel wakikimbia kwa mstari, kishungi kimeinama mbele ya paji. Na huenda akakatiza njia Greater Roadrunner, jamaa ya dudumizi wetu aliyeamua kuishi kwa kukimbia, mara nyingine na mjusi mdomoni.

Miti mifupi yenye miiba na maganda marefu kama ya maharage ni mesquite. Ukitoka Baringo au Garissa utaitambua mara moja, maana ni ndugu wa mathenge. Kwetu mathenge uliletwa ukawa balaa kwa wafugaji na mifugo yao. Huku jamaa yake yuko kwao, na katika nyufa za gome lake hutaga Lucy's Warbler, ndege mdogo wa kijivu asiyezidi kidole gumba kwa unene. Nilisimama muda mrefu mbele ya mti huo siku ya kwanza. Nilikuwa sijawahi kuutazama bila hasira.

Kama umebaki na nusu siku Tucson, nenda Sweetwater Wetlands, mabwawa ya maji taka yaliyosafishwa, mahali pazuri sana pa wapita njia. Jumatatu asubuhi, katika miezi ya joto, hufungwa kwa ajili ya kudhibiti mbu.

Hatua ya 7: Panda mlima kwa siku moja

Barabara ya Mount Lemmon, nje kidogo ya Tucson, inaanzia kwenye saguaro na kuishia kwenye misonobari, kwa mwendo wa kilomita 43 hivi. Kilele kina mita 2,791. Mwambie mwongozaji asimame kila mimea inapobadilika, kwani ndege nao hubadilika hapo hapo. Juu mtafute Red-faced Warbler, mwenye uso mwekundu na kofia nyeusi.

Hatua ya 8: Madera, na saa ya bundi

Madera Canyon iko kwenye milima ya Santa Rita, kama saa moja kwa gari kusini mwa Tucson. Lala humo humo, angalau usiku mmoja. Kutwa utakuwa na Acorn Woodpecker, kigong'ota anayetoboa vijishimo kwenye miti mikavu na kuhifadhi tunda moja la mwaloni katika kila kimoja, pamoja na Painted Redstart anayefungua mkia kama kipepeo. Lakini kilichokuleta ni wakati wa magharibi, jua linapozama.

Elf Owl ni bundi mdogo kuliko wote duniani. Uzito wake ni kama gramu 40, sawa na yai dogo la kuku wa kienyeji. Kwa miaka mingi wamekuwa wakitumia tundu kwenye nguzo ya umeme karibu na Santa Rita Lodge, na kila mwaka waongozaji wanajua tundu lipi lina mwenyewe. Fika nusu saa kabla ya jua kuzama. Simama mbali, tochi izimwe, simu iwe kimya, watoto wasikaribie nguzo.

Safari yangu ya pili tulikuwa na kijana wa Uvira anayeishi Tucson, ambako wapo Waswahili wengi waliotoka Kongo na Burundi. Hakuwahi kushika darubini maishani mwake. Anga ilikuwa imebaki na wekundu kidogo, sisi wote tukitazama tundu jeusi, na nilikuwa nimeanza kufikiri mwaka huo hayupo. Kijana akaniguza kiwiko, akanong'ona (yaya kwao ni kaka au dada mkubwa): "Yaya, angalia, tundu limekuwa na macho." Kweli, weusi ule ulikuwa umejaa uso wa kijivu, mviringo, nyusi nyeupe, macho ya manjano. Alikaa mlangoni kama dakika mbili akitugeukia mmoja mmoja, kisha akaruka bila sauti yoyote. Muda si mrefu tukamsikia juu ya mialoni, akilia kama kitoto cha mbwa.

Usimulike taa usoni mwake hata mwenzako akikuomba kwa ajili ya picha. Ndiyo kwanza anaenda kuwinda, na macho yake anayahitaji.

Hatua ya 9: Patagonia, mbele ya maji ya sukari

Mji mdogo wa Patagonia una ua wa nyumba ambao kila mtazamaji anaujua. Wally na Marion Paton walihamia hapo miaka ya 1970, wakatundika vyombo vya maji ya sukari kwa ajili ya ndege wavumaji, kisha wakawafungulia geti wageni wasiowajua, wakawawekea na viti. Wenyewe wameshafariki, lakini mahali pamenunuliwa na kuhifadhiwa kwa jina lao, Paton Center for Hummingbirds.

Ndege wavumaji wasikufanye umdhanie chozi wa kwetu. Wote hunywa nekta na wote hung'aa, lakini si ndugu. Chozi kwa kawaida hutua kwenye tawi ndipo anywe. Mvumaji husimama hewani, mabawa hayaonekani, na akimaliza huweza kurudi kinyumenyume. Kaa kwenye benchi saa moja nzima. Mtafute Violet-crowned Hummingbird, tumbo jeupe kabisa, mdomo mwekundu, utosi wa zambarau.

Rangi ya kooni kwa dume haitokani na wino wa manyoya. Inatokana na namna unyoya ulivyoundwa ndani, ukiurudisha mwanga upande mmoja tu. Ndege huyo huyo atakuwa na koo jeusi kama mkaa, akageuza kichwa kidogo likawaka zambarau au kijani, akageuka tena likazimika. Kwa hiyo usiandike chochote mpaka ageuke. Kwanza angalia mdomo, ni mwekundu au mweusi, umenyooka au umepinda, kisha tumbo, koo liwe la mwisho.

Ukitamani kufanya hivi kwako Marekani, kipimo ni sukari nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu nne, bila rangi, bila asali. Osha chombo mara kwa mara kwenye joto.

Ukiwa Patagonia inua macho. Wanaozunguka juu wakiyumba, mabawa kama herufi V, wengi ni tumbusi wa kichwa chekundu. Mmoja wao anaweza kuwa mwewe, Zone-tailed Hawk, mwenye umbo na mruko kama wa tumbusi, na wataalamu wengi wanaona mfanano huo unamsaidia kuyakaribia mawindo. Tafuta mistari mieupe mkiani na kichwa chenye manyoya.

Hatua ya 10: Mto San Pedro na milima ya Huachuca

San Pedro unatoka Sonora, Mexico, na kutiririka kuelekea kaskazini. Kipande chake cha kilomita 64 hivi kililindwa mwaka 1988. Tembea asubuhi moja kutoka San Pedro House chini ya miti ya cottonwood: Vermilion Flycatcher, mwekundu kama kaa la moto, atakuwa kwenye waya wa ua, na Gray Hawk atapiga mluzi juu. Ramsey Canyon, kwenye milima ya Huachuca, iko karibu, ni nzuri, lakini maegesho ni madogo na hujaa, na siku za kufungua hazilingani mwaka mzima. Mwongozaji ahakikishe kwanza.

Hatua ya 11: Portal, kwa siku mbili kamili

Jaza mafuta kabla, Portal haina kituo. Beba na chakula cha mchana. Kijiji kiko mlangoni mwa Cave Creek Canyon, kwenye milima ya Chiricahua, na kuta za korongo ni miamba myekundu iliyopakwa ukoga wa manjano na kijani. American Museum of Natural History ilianzisha kituo cha utafiti humo mwaka 1955.

Asubuhi ya kwanza nenda South Fork, tawi la korongo hilo, kwa miguu kukiwa bado giza. Unamtafuta Elegant Trogon. Aliyemwona Narina Trogon Arabuko-Sokoke au Kakamega ameshajua nusu ya kazi, kwa kuwa ni wa jamaa moja na tabia ni ile ile: hukaa wima kwenye tawi la mlalo, kimya, amekupa mgongo wa kijani katikati ya majani ya kijani. Tumbo lake jekundu huwezi kuliona mpaka atake. Tofauti yake na Narina ni ukanda mweupe kifuani.

Sauti yake ni ya kukwaruza, kwa-kwa-kwa, kama chura aliyekauka koo. Ukiisikia, usiifuate. Simama. Geukia upande wake, tazama matawi ya chini na ya kati ya miti ya gome jeupe, moja baada ya jingine, kutoka shina kwenda ncha. Sisi tulisimama dakika arobaini siku hiyo. Sauti ilikuja, ikanyamaza, ikaja karibu. Mwongozaji akainua kidole bila kusema. Dume alikuwa mita kumi na tano kutoka tulipo, na kwa namna alivyotulia huenda alikuwapo muda wote. Aligeuza kichwa taratibu kama mtu anayesoma gazeti, akaruka, akadaka kiwavi jani lilipoungana na tawi, akarudi pale pale, safari hii kifua kwetu. Mama mmoja mzee wa kikundi chetu alilia machozi, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Trogoni hutaga kwenye matundu ya miti hiyo, mara nyingi yaliyoachwa na vigong'ota. Ukimwona akiingia tunduni, rudini nyuma wote mwondoke.

Siku ya pili pandeni Rustler Park kwa barabara ya vumbi, gari liwe la juu. Huko kuna Mexican Chickadee, ambaye mtazamaji wa Marekani humfuata milima hii hasa. Moto mkubwa wa mwaka 2011 ulipita hapa, na bado utaona vigogo vyeusi vikisimama kati ya miche.

Hatua ya 12: Andika kila usiku

Usiku huo huo, kabla hujalala, ingiza orodha yako kwenye eBird, tovuti ya kuwekea kumbukumbu za ndege, ikiwa na mahali, muda na idadi. Ukisema utaandika kesho, kesho ina ndege wake. Mahali pa kiota cha bundi au trogoni usipaandike kwa usahihi, wala picha ya tundu usiipeleke mtandaoni msimu wa kutaga ukiwa haujaisha.

Kisha shughulikia darubini. Vumbi la huko ni chembe za mwamba na hukwaruza kioo. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, pitisha brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa kilicholowa kidogo, ukizungusha kutoka katikati kwenda nje.